Matairi Yasiyo na Mlima

Radisav, fundi wa matairi, alilifungia gari langu matairi ambayo sikuyachagua, akaniambia ndiyo niliyoyachagua. Yaliponitupa mtaroni na binti yangu akaumia, akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyeyataka. Hilo ndilo alilonitenda. Ninayoeleza hapa ni namna lilivyotokea, na namna nilivyomrahisishia kazi.

Radisav si mtu baki. Ni msimamizi wetu. Nilipoolewa na Milun, yeye ndiye aliyesimama nyuma yetu kanisani, na Nevena alipozaliwa, yeye ndiye aliyembeba hadi kwenye maji ya ubatizo na kumpa jina. Kwetu jina la mtoto hutolewa na msimamizi. Wazazi hulisikia palepale, pamoja na watu wengine. Mimi nilitaka mtoto aitwe kwa jina la mama yangu. Radisav akasema Nevena, akawa Nevena. Wazee husema Mungu yuko mbinguni, msimamizi yuko duniani. Msimamizi hapingwi, na kazi ya mkono wake haikaguliwi.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Baba alisema kondoo hawajui kusoma na wanaishi vizuri, akanipa fimbo na kunipandisha mlimani Zlatar. Nikakulia huko. Nikaolewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Milun alikuwa mkata magogo, mtu mpole, na mti aliokuwa akiukata ulimgeukia. Aliniachia ng'ombe wanne, mtoto wa kike na gari jeupe la mizigo ambalo sikujua kuliendesha.

Mwanzoni jirani ndiye aliyenishusha sokoni Prijepolje na ndoo zangu za jibini na malai. Alichukua jibini kama nauli, akaniongezea na ushauri wa kuolewa tena. Nilivumilia miaka miwili. Nilipofika miaka arobaini na nne nikaenda kujifunza udereva. Mtihani wa maandishi nilifeli mara mbili. Mara ya tatu mwalimu akaniambia, "Mama, achana na maneno. Wewe tazama picha." Nikazitazama. Pembetatu, duara, gari lenye mistari iliyopinda nyuma yake. Nikafaulu. Tangu siku hiyo nimeamini picha kuliko herufi. Picha inasema kitu kimoja tu.

Barabara yetu, ukiondoka nyumbani kwangu, imefunikwa na theluji. Ukishuka nusu saa, theluji inakuwa uji. Ukifika mtoni, ni mvua na maji barabarani. Asubuhi moja, gari moja, mambo matatu. Wenye uwezo wana seti mbili za matairi, ya kiangazi na ya baridi, na wanazibadilisha mara mbili kwa mwaka. Mimi sikuwa na uwezo huo, wala mahali pa kuyaweka. Nilihitaji matairi ya misimu yote, yanayoweza kuuma theluji na kutupa maji pembeni.

Mwezi wa kumi, miaka mitatu iliyopita, nikaenda kwa Radisav. Akanitolea aina mbili, akaziweka chini mbele yangu.

"Shemeji, haya ni ya misimu yote, na haya nayo ni ya misimu yote. Baba mmoja, mama mmoja."

"Kama ni ndugu, mbona huyu ana picha na mwenzake hana?"

"Picha gani?"

"Hii hapa. Mlima wa vilele vitatu, na ndani yake ua la theluji."

Akacheka. "Una macho kama mwewe! Hiyo maana yake hili limepelekwa kwenye theluji, likapewa mtihani, likafaulu. Lile jingine halijafanya mtihani. Limejiandikia M na S, basi."

"Halijamaliza shule, kama mimi," nikasema. "Niwekee lililofaulu."

Nikainama, nikalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira ulikuwa laini, na meno yake yalikuwa yamechanjwa michirizi myembamba, mingi. La pili lilikuwa gumu, ukucha haukuacha alama.

"Shemeji, hayo ni matairi, si maparachichi!" Radisav akasema. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Sikuwa na shaka naye hata kidogo. Nikamwachia ufunguo, nikaenda mjini kununua dawa ya kugandisha jibini.

Nilirudi baada ya saa mbili. Gari lilikuwa limeshushwa kwenye jeki, matairi yamepakwa mafuta yanang'aa. Kosara, mke wa Radisav, alikuwa ameshaleta kahawa. Wanaume wale wawili bado walikuwa wamekaa juu ya matairi chakavu, na wengine walikuwa wameongezeka.

Nikalizunguka gari. Sikuona mlima.

"Msimamizi, picha iko wapi?"

"Upande wa ndani. Picha imeingia ndani, nje zimebaki herufi. Si umesoma wewe? Hebu tusomee."

Nikasoma. Herufi za kigeni mimi nazijua kama ninavyowajua watoto wa mjini: sura nimewahi kuziona, sijui ni wa nani. Lakini hizi mbili nilizijua. "M na S," nikasema. Kwa lugha yetu barafu inayoganda ardhini ni mraz, na theluji ni sneg. "Mraz na sneg."

"Umeona? Mraz na sneg! Unataka nini tena, na mafuriko?"

Wakacheka. Nikakunja goti ili nitazame upande wa ndani. Goti lilikuwa bado halijagusa chini aliposema, safari hii bila kucheka, "Shemeji. Unanikagua?"

Kicheko kikakatika. Kosara alisimama na sinia mkononi. Watu wote wakanitazama, mjane wa Milun, anayepiga goti mbele yao kuikagua kazi ya msimamizi wake.

"Nafunga kamba ya kiatu," nikasema.

Nilikuwa nimevaa buti za mpira. Hazina kamba. Nikanyanyuka, nikanywa kahawa, nikamshukuru, nikaondoka. Kuna mambo mengi niliyoyakosea maishani, na mengi nimeyasahau. Hili linanijia kila ninapovaa buti.

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa wa mvua, na gari lilikwenda. Nilipokanyaga breki lilichukua muda kidogo kusimama, nikasema ni mzigo. Theluji ya kwanza ilipoanguka, pale kwenye kilima cha kwetu, magurudumu yakazunguka bure, nikaupa lawama mguu wangu kwamba unakanyaga mafuta vibaya. Nikausema mguu wangu mwenyewe, nikamsamehe fundi ambaye hakuwa hata ameshukiwa.

Nevena alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo. Alikuwa msusi katika saluni ya mwanamke mmoja mjini, na mikono yake ilikuwa myepesi. Wanawake walimsubiri yeye hata kiti kingine kikiwa wazi. Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, siku ya soko, alitaka kushuka nami Prijepolje. Kulikuwa na chumba cha kupanga kando ya stesheni, chenye dirisha kubwa, na alitaka kukiona kabla mtu mwingine hajakichukua. Saluni yake mwenyewe. Njia nzima alikuwa akiniambia kioo kitakaa wapi.

Kwenye kona chini ya shule ya zamani nikapunguza mwendo. Nasema hivi na nitasema hata mbele ya msalaba: sikuwa na kasi. Nikakata kona na usukani ukakata, lakini gari halikukata.

"Mama, kata!"

"Nakata!"

"Mama!"

Lilikwenda polepole, kama ng'ombe anayekwenda majini na hataki kuvutwa. Polepole hivyo hivyo likavuka barabara, likaangukia mtaroni. Ndoo za jibini zikaja mbele. Nevena alikuwa ameinua mkono wa kulia kujikinga, na mkono ukabaki kati ya ndoo na dashibodi. Kifundo kilivunjika mahali patatu. Mimi nilipata mchubuko kwenye kidevu, basi.

Gari la wagonjwa likamchukua. Mimi askari wakanibakisha niandikishe maelezo. Mmoja alizunguka gari, akasoma herufi kwenye tairi, akaandika kwamba matairi ni halali, kwa sababu sheria yetu inataka hizo M na S tu. Baada ya hapo nikapelekwa yadi, walikoliburuta gari, nichukue vitambulisho na kusaini. Ningekwenda hospitali kwanza. Karatasi zingesubiri. Lakini mtu akivaa sare akaniambia saini, mimi husaini.

Pale yadi nikapiga magoti. Kwenye theluji iliyochanganyika na oili, mbele ya kila mtu. Nikafuta tairi kwa mkono wa koti, upande wa nje. Kisha nikalala ubavu nione wa ndani. Kijana mwenye gari la kuvuta magari akaja akasimama juu yangu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta mlima."

"Mlima uko nyuma yako."

Sikucheka. Akachuchumaa, akamulika kwa simu yake. "Picha ya mlima? Hapa haipo. Nje haipo, ndani haipo. Hapa kuna M na S tu."

"Mraz na sneg," nikasema.

"Nani kakudanganya? Hicho ni Kiingereza, mama. M ni matope. Matope na theluji. Na mwenye kiwanda anaziandika mwenyewe, hakuna anayempima." Akasogeza taa. "Halafu tazama namba hizi nne. Wiki na mwaka wa kutengenezwa. Haya yana miaka tisa. Yamekauka kama soli za viatu vya marehemu. Uliyanunua wapi?"

Hata hapo, nikiwa chini kwenye oili, nilishindwa kumtaja msimamizi wangu kwa mtu nisiyemjua.

Nilipofika hospitali, Radisav alikuwa ameshafika. Habari kwetu hushuka mlima haraka kuliko gari. Alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, machungwa na biskuti juu ya kabati kama inavyopasa. Nikamsikia kabla sijaingia.

"Nilimwambia mama yako, chukua yenye mlima. Akasema theluji ni theluji, niwekee ya rahisi. Ningefanyaje? Mtu wa darasa la nne, herufi anazisoma kama nyayo za kuku."

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka kwa pua. Nikaingia.

"Msimamizi. Sema tena, nikusikie."

Akanyanyuka, akavaa kofia yake. "Shemeji, mtoto ana maumivu. Hapa si mahali pake."

"Mama, tafadhali," Nevena akasema. "Usimvunjie heshima."

Radisav akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Nevena alikuwa mweupe kama shuka, mkono uko ndani ya plasta ngumu hadi kwenye kiwiko.

"Kama ulitaka kuokoa hela, sema tu. Sitakasirika."

"Sikutaka kuokoa. Nilichagua yenye mlima. Amenibadilishia."

"Msimamizi akubadilishie? Kwa nini?"

"Sijui."

"Uliyatazama kabla hujaondoka pale?"

Hapo nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kumweleza kuhusu goti, na wanaume waliokuwa wamekaa, na ile sauti. Lakini hakuna neno hata moja ambalo lingekuwa "ndiyo". Nikanyamaza. Nevena akageuza uso ukutani. Nimelifikiria sana jambo hili na nadhani hakumwamini Radisav kwa sababu ya maneno yake. Alimwamini kwa sababu ya ukimya wangu.

Ukweli niliupata kwa Kosara. Tarehe kumi na tisa ya mwezi huo ni sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, na Kosara huja kila mwaka kunisaidia kuoka mkate. Alikuja. Alikanda unga, kisha akasema huku akiutazama.

"Dobrinka, meneja wa ile hoteli ya wanaoteleza kwenye theluji alikuja dukani siku ile ulipokuwa mjini. Alikuwa na haraka. Seti yenye mlima ilikuwa moja tu. Radisav akasema Dobrinka hatajua, nitamwagizia nyingine wiki ijayo. Wiki ikapita, na nyingine ikapita. Unamjua alivyo."

"Utamwambia Nevena hivyo?"

"Dobrinka, mimi naishi na yule mtu."

"Na mimi naishi na nani?"

Akakanda unga. Na mkate ukaiva vizuri, kwa bahati mbaya.

Siku ya sikukuu kwetu mgeni haalikwi, na anayekuja hafukuzwi. Radisav alikuja na chupa ya pombe kali ya plamu, akatubusu mara tatu tatu, akaketi kwenye kichwa cha meza, mahali pake. Shemeji yangu Vitomir, kaka wa Milun, alikuwepo na mkewe. Nevena aliketi mwisho wa meza, akila supu kwa mkono wa kushoto. Nilimtazama akipeleka kijiko mdomoni, kinamwagika, anakirudisha. Nikasimama.

"Msimamizi, mwambie Nevena matairi yangu yalikwenda kwa nani."

Vijiko vyote vikasimama. Kosara akatazama sahani yake. Radisav akajifuta masharubu, taratibu, pande zote mbili.

"Shemeji, mshumaa wa mtakatifu unawaka. Tusiuzime kwa matairi."

"Neno moja tu."

"Kaa chini, mwanamke," Vitomir akasema. "Unatuaibisha mbele ya msimamizi."

Nikamtazama Nevena. Alikuwa ametazama chini na masikio yake yamekuwa mekundu. Alikuwa akinionea aibu. Nikakaa. Sijui mpaka leo miguu yangu ilimtii nani. Ningeendelea kusimama dakika moja zaidi, labda Kosara angesema. Labda.

Wiki iliyofuata niliamka nikakuta matairi manne mapya getini, yamefungwa kwa nailoni, kila moja lina mlima wake. Hayakuwa na karatasi wala salamu. Nevena akayaona kabla yangu.

"Umeona moyo wake?" akaniambia. "Umemtukana mezani, na yeye anakuletea zawadi."

Hivyo hata malipo yake yakawa uongo wa pili. Nilimwomba jirani gari, nikayarudisha yote manne. Radisav alikuwa peke yake dukani, anajaza upepo.

"Sitaki matairi," nikasema.

"Unataka nini basi?"

"Maneno. Mbele yake."

"Maneno hayaungi mfupa."

"Mfupa nimeshauachia daktari."

Akafunga mashine ya upepo. Bila ile kelele alionekana mzee. "Dobrinka," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita kwa jina tangu niolewe. "Nimempa jina yule mtoto. Nimembeba mikononi. Unataka anitazame aone mwongo?"

"Sasa hivi anamtazama nani?"

"Wewe ni mama yake. Mama husamehewa."

Akainama tena kwenye tairi lake. Nilisimama pale, nikisubiri aongeze kitu. Nikayaacha matairi yake mlangoni, nikaondoka.

Mkono wa Nevena uliunga, lakini uliunga vibaya. Anaweza kushika mkasi, ila akifika kichwa cha pili tu vidole vinakufa ganzi. Chumba kile kando ya stesheni alikichukua muuza simu. Nevena alihamia Užice, anakata tiketi za mabasi kwenye kidirisha. Hunipigia simu siku ya Pasaka na siku ya mtakatifu wetu. Ananiuliza kuhusu ng'ombe. Namwambia Sivka amezaa, Rumenka amekauka maziwa. Halafu anasema, "Haya mama, kuna foleni hapa," na simu inakatika. Nilijaribu mara mbili kumweleza aliyoniambia Kosara. Mara ya kwanza alisema, "Mama, imetosha." Mara ya pili alisema, "Kosara mwenyewe nilimuuliza. Amesema hajui kitu." Sikujaribu tena.

Mimi bado nashuka sokoni. Gari nimepata jingine, matairi nafungiwa na mtu wa Prijepolje ambaye si ndugu yangu wala msimamizi wa mtu yeyote ninayemjua. Ananiacha niyatazame nitakavyo, na anaponicheka namwacha acheke. Mengine ya maisha yangu ni kama ya wanawake wengi wa huku juu: maziwa, theluji, maziwa.

Radisav sasa ana miaka sabini na mbili na moyo wake, wanasema, una kifaa ndani. Tukikutana kanisani ananiinamishia kichwa, nami namwinamishia changu, kwa sababu watu wanatazama. Matairi simdai. Mkono wa binti yangu hawezi kuurudisha, hata akitaka. Kwamba sikupiga goti siku ile, hilo Nevena ananidai mimi, na nimelikiri hapa. Lakini Radisav anadaiwa na mtoto aliyempa jina maneno sita, ayaseme akiwa ameketi mbele yake, kabla mmoja wetu watatu hajafa: Nilibadilisha matairi mimi, mama yako hakujua. Leo ni majira ya baridi ya tatu, na hajayasema.